Ukanda wa bunduki ya mitutu miwili umeachia: uuache, utie gundi, uunge kipande au uvue wote?

Ami aliichomoa mitutu kwenye kitako, akaitundika kwenye kidole cha shahada kwa lile jino la chini, akaniambia nikachukue mwiko jikoni. "Gonga, lakini si kama unapiga ngoma." Nikagonga katikati kwa mpini. Bunduki nzima ya aina hii hulia kama upatu: sauti inatoka, inakaa hewani, halafu inafifia yenyewe taratibu. Ya Ami ililia kama bakuli lenye ufa, na nyuma ya mlio ule mkavu mlikuwa na kitu kinatetema, zzz, kama nyuki ndani ya kibiriti.

"Ushasikia? Ukanda umeachia. Haya, wewe ndiye fundi wa rejeta. Nitie gundi au nifanyeje?"

Kazi yangu hapa Chake Chake ni kuziba rejeta, matangi na masufuria, kwa hiyo lihamu naijua kwa mkono na kwa pua. Bunduki si kazi yangu wala sina leseni ya kuigusa kwa ufundi. Lakini swali la Ami lilituzungusha miezi, tukaingia kwa fundi mmoja tukatoka, tukaingia kwa mwengine, na katika mzunguko ule nikajifunza kwamba hizi njia nne za kutibu ukanda ulioachia (ukanda ni ule utepe wa chuma unaofunika mfereji kati ya mitutu) hazishindani kwa ubora. Kila moja ina mahali pake, na mahali penyewe panajulikana kwa kupima, si kwa kuuliza bei. Ami alikuwa na bunduki mbili zenye ugonjwa mmoja, na mwisho wake kila moja ilipata dawa yake.

Kilichoachia hasa ni nini

Ukiitazama bunduki ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu (wazee wengine husema kasiba mbili), utadhani mitutu imegandana urefu wote. Haikugandana. Upande wa chemba, pale panapotiwa risasi, imeungwa kwa moto mkali, mdomoni imesogezwa karibu karibu, na kati yake umebaki mfereji juu na mfereji chini. Mifereji hiyo ndiyo inayofunikwa na kanda mbili za chuma chembamba: wa juu, ambao jicho hupita juu yake ukilenga, na wa chini, ambao umejificha nusu nyuma ya ubao wa mbele. Ndani, baina ya kanda na mitutu, pamebaki uwazi mtupu kama ndani ya mwanzi.

Kwenye bunduki nyingi za Uingereza za zamani kanda hizi zimeshikwa na lihamu laini ya bati na risasi (madini ya risasi, si risasi ya kupigia), ile ile ya jamii ninayotumia kwenye rejeta. Mchanganyiko wa bati 63 na risasi 37 huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, na michanganyiko mingine ya jamii hiyo huanza kulegea hapo hapo. Wako watengenezaji wengine, hasa wa bara la Ulaya, waliounga kanda kwa moto mkubwa zaidi na madini magumu zaidi. Kwa hiyo usimruhusu mtu aseme "bunduki zote za zamani ni sawa" kabla hajaitazama yako.

Ukanda haubebi nguvu ya baruti. Nguvu ile hubebwa na ukuta wa mtutu na chemba. Kwa hiyo bunduki yenye ukanda uliolegea hailipuki kwa sababu ya ukanda. Lakini ukanda ndio unaoituliza mitutu isichezeane. Fundi wa mwanzo aliielekeza mitutu ikaribiane kidogo kidogo kuelekea mdomoni ili marisau, zile chembe zinazotoka kwenye risasi, ya kulia na ya kushoto yaangukie pamoja, na ukanda ukiachia mdomoni mpango huo unaharibika. Jambo baya zaidi kwetu sisi wa visiwani ni ule uwazi. Ufa ukishapatikana, unyevu unaingia na hautoki. Kutu inaula mtutu kwa nje, chini ya ukanda, mahali ambapo hakuna kitambaa wala mafuta yanayofika. Huko kwenye nchi kavu mtu anaweza kukaa na ukanda uliolegea miaka kumi asijue. Pemba una masika, una vuli, una hewa ya chumvi, na bunduki yenyewe imekaa kabatini pamoja na nguo. Mwaka mmoja unatosha.

Karatasi kwanza

Sitorefusha hapa. Bunduki ya urithi iwe imeshahamishiwa jina la anayeimiliki sasa, kibali kiwe hai, na fundi awe ameruhusiwa kisheria kutengeneza silaha. Kama kazi inapelekwa Unguja au bara, anza polisi, si bandarini. Ami alitaka kuifunga kwenye mkeka aende nayo Mkoani kupanda boti. Nilimwambia, Ami, utalala ndani kwa sababu ya lihamu ya vidole vinne.

Kupima, na namna kupima kunavyodanganya

Fungua bunduki, hakikisha chemba zote mbili ni tupu, kisha hakikisha tena kwa kidole. Toa mitutu. Toa ubao wa mbele. Kama bunduki ina vichuma vya kutolea maganda, navyo vitolewe au vishikwe visicheze, maana hivyo peke yake vinaweza kufanya mlio wa nyuki niliousema. Watu wengi wamepeleka bunduki kwa fundi kwa ugonjwa wa ukanda kumbe ni kichuma cha kutolea ganda kinachezacheza.

Mlio ni kipimo kizuri lakini si hukumu. Mtutu unaolia kama upatu karibu kila mara una kanda nzima. Mtutu usiolia unaweza kuwa na ukanda mbovu, na unaweza pia kuwa mzima ila umetengenezwa kwa namna isiyolia. Basi baada ya kugonga, tazama. Pitisha jicho kwenye mstari wa muungano, kila upande, juu na chini, mwanga ukitoka pembeni. Mstari mwekundu wa kutu unaorudi kila ukiufuta ni ushahidi. Mafuta yanayotoka kidogo kidogo siku mbili baada ya kusafisha ni ushahidi mkubwa zaidi: kuna ghala ndani.

Kipimo nilichokipenda kuliko vyote ni cha mafuta na chaki, kwa sababu nacho nilikijua kwenye matangi. Unapaka mafuta mepesi kwenye mstari wote, unaacha nusu saa, unafuta mpaka pakauke kabisa, halafu unapuliza unga wa chaki. Kisha unashika mitutu kwa mikono miwili na kubonyeza ukanda kwa dole gumba, ukisogea sentimita mbili mbili. Pale palipoachia, mafuta yanapanda na chaki inakuwa nyeusi kama mtu aliyechora kwa kalamu ya risasi. Kwa bunduki ya kwanza ya Ami mstari mweusi ulianza mdomoni, ukaenda vidole vinne, ukakoma. Tukafurahi. Halafu akasema nijaribu chini. Huko chini mstari ulitokea nyuma kidogo ya mahali pa ubao wa mbele, ukapotea, ukatokea tena mbele yake kama shubiri moja.

Tulikosea kuamini kwamba pale chaki isipobadilika ndipo pazima. Maana yake ni kwamba mafuta hayakupita tu. Kutu kavu, au uchafu wa miaka, unaweza kuziba ufa usipitishe kitu na huku lihamu yenyewe haishiki tena.

Kipimo cha nne ni maji ya moto. Unaziba matundu ya mitutu pande zote mbili, unaizamisha kwenye maji yaliyochemka, hewa ya ndani inatanuka, na mapovu yanatoka palipo na ufa. Kinasema kweli kuliko vyote. Lakini angalia unachokifanya: mitutu ikipoa ndani ya maji, hewa inajikunja na maji yanavutwa kwenye ule uwazi. Kwa hiyo mimi nasema kipimo hiki ni cha mtu aliyekwisha kuamua kuvua kanda. Ukikifanya halafu ukaenda kuunga kipande tu, umefungia maji ndani kwa mkono wako.

Ukiwa hapo hapo, shika lile jino la chini linalokaa kwenye mtambo na utazame kwenye maungio yake. Kama hapo pana ufa au mchezo, acha habari ya ukanda kabisa. Hiyo ni bunduki ya kutopigwa mpaka mtaalamu aseme.

Kuuacha kama ulivyo

Watu huiona njia hii kama uvivu. Kwa bunduki ambayo haipigwi tena, ndiyo mara nyingi iliyo bora, kwa sharti moja: iwe kavu ndani na ibaki kavu. Hakuna moto, hakuna tindikali, hakuna rangi ya zamani inayoharibika, na nakshi za fundi wa mwanzo zinabaki kama zilivyo. Bunduki ya pili ya Ami, ya babu yake, ina mitutu ya damaski, ile iliyosokotwa kwa nyuzi za chuma na feleji zikafuliwa pamoja mpaka zikatoa mawimbi kama mkeka wa ukili. Mitutu ya namna hiyo ilikuwa ya kawaida kabla ya karne ya 20 kuanza, wakati wa baruti nyeusi, na si ya kutiliwa risasi kali za leo. Sasa kuna faida gani kumpa mgonjwa wa miaka mia na zaidi upasuaji wa moto ili akatundikwe ukutani?

Lakini kuacha si kusahau. Iwekwe imesimama mdomo chini, mafuta yasishuke kwenye kitako na maji yasikae mdomoni. Isiwekwe kwenye mfuko wa ngozi wala wa sufi, maana mifuko hiyo hunyonya unyevu na kuulea. Na ipakwe mafuta mepesi, si mazito. Aliyekushauri mafuta ya karafuu safi kwa sababu ni ya kwetu, mshukuru kwa uzalendo wake, ukayapeleke kwenye jino linalouma. Ni kweli Wajapani hutia harufu ya karafuu kwenye mafuta ya panga zao, lakini ni kiasi kidogo ndani ya mafuta mengine.

Gundi

Gundi ninayoisema ni ile ya mirija miwili inayochanganywa. Ndiyo rahisi, ndiyo ya haraka, na ndiyo iliyomvutia Ami kwa sababu haina moto. Nami siikatai moja kwa moja. Kama ukanda umeachia ncha tu, pakavu, na bunduki ni ya kuangaliwa, gundi nzuri itaushika na haitochoma rangi.

Kwa bunduki inayopigwa, mimi siitaki. Gundi nyingi za kawaida huanza kulainika joto likipita nyuzi 60 hivi, na mitutu iliyopigwa mfululizo ikiwa imeachwa kwenye jua la Januari inafika huko bila taabu. Halafu gundi haipendi mafuta, na hakuna ukanda ulioachia usio na mafuta ndani. Unaisukumiza kwenye ufa kwa sindano, inashika uchafu, uchafu umeshika chuma, na siku ya tatu vyote vinatoka pamoja kama ganda la kidonda.

Kosa lake kubwa linakuja baadaye. Siku fundi wa kweli akitaka kuunga kwa lihamu, gundi iliyoingia ndani lazima ikwanguliwe yote, kwa sababu palipo na gundi lihamu haishiki. Fundi wa pili tuliyemwendea aliuliza jambo moja tu kabla ya salamu kuisha: "Hamkutia gundi?" Tuliposema hatukutia, akakaa. Nadhani tungesema tumetia angetuaga.

Kuunga kipande

Hii ndiyo njia iliyotutia hasara, kwa hiyo nitakaa nayo.

Wazo lake ni zuri: palipoachia ni vidole vinne, basi pasafishwe vidole vinne, patiwe dawa ya lihamu (ile inayosafisha chuma ili lihamu ishike), papashwe moto, ukanda ubanwe, lihamu ipite, kwisha. Kazi ya nusu siku. Rangi inaharibika kidogo mdomoni tu. Na kuna hali ambapo ni sahihi kabisa: ukanda umeachia ncha ya mdomoni, juzi juzi, kwa kuangushwa au kugongwa, chuma bado kinang'aa ndani na mafuta hayajapita. Hapo sioni kwa nini mtu avue ukanda wa sentimita 71 au 76 kwa ajili ya sentimita saba.

Ugumu uko kwenye moto. Chuma hakijui mpaka wa vidole vinne. Ili lihamu ishike mdomoni, lazima chuma chenyewe kipite nyuzi 183, si lihamu peke yake, na moto ule unatembea. Hatua moja mbele ya pale unapounga, lihamu ya zamani nayo inafika kwenye kulegea. Kama ukanda una mkazo wowote ndani yake, unainuka hapo. Unakimbilia kuunga hapo, unainuka mbele zaidi. Mafundi wa majahazi wanaijua habari hii: unakalfati mshono mmoja, maji yanatokea mshono wa jirani.

Fundi wetu wa kwanza, Mungu amuhifadhi, alikuwa mtu mwangalifu. Alifunga vitambaa vibichi kando ya sehemu anayounga ili kuzuia moto, na moto haukwenda mbali. Alichokosea ni dawa. Alitumia ile ya tindikali yenye zinki, ile ile ninayotumia mimi kwenye rejeta kila siku, na wallahi ningekuwa mimi ningetumia hiyo hiyo. Kwenye rejeta dawa hiyo haina shida kwa sababu baada ya kuunga unaosha nje na ndani, maji yanapita. Kwenye bunduki dawa iliingia ndani ya uwazi, ukanda ukafungwa juu yake, na chumvi zake zikabaki humo kunywa unyevu. Bunduki ilirudi inalia vizuri. Ami akafurahi, akatoa sadaka. Kabla ya vuli kwisha mstari mwekundu ulirudi, safari hii si mdomoni bali katikati, mahali ambapo mwanzo palikuwa pazima.

Kwa hiyo ukichagua kipande, muulize fundi dawa yake. Ya zamani na ya salama ni utomvu mkavu wa msonobari, jamaa wa mbali wa ile sandarusi iliyowahi kutajirisha wafanyabiashara wa Unguja karne ya 19. Hiyo ikibaki ndani haili chuma. Ila haina nguvu ya kusafisha kutu, na hapo ndipo siri ilipo: dawa laini inataka chuma kilichokwisha kusafishwa, na ndani ya ufa wa unene wa karatasi huwezi kusafisha chuma. Fundi anayekwambia atatumia dawa laini kwenye ufa wenye kutu, lihamu yake haitoshika. Anayekwambia atatumia dawa kali kwenye uwazi uliofungwa, itashika kisha itakula. Mwenye kutu ndani hana njia ya kipande.

Kuvua kanda zote

Kuvua maana yake ni kupasha mitutu, kuinua ukanda wa juu na wa chini, kukwangua lihamu yote ya zamani, kusafisha kutu mpaka chuma kiwe cheupe, kupaka lihamu mpya nyembamba kwenye kila uso utakaogusana, kurudisha kanda, kuzifunga kwa waya wa chuma na kabari ndogo ndogo kila baada ya sentimita chache, kisha kupasha tena mpaka lihamu ikutane na lihamu. Halafu kuosha kwa maji ya kuchemka, kukausha, kupitia mstari wote kwa kikwangulio, na mwisho kurudisha rangi.

Ni kazi ndefu na ghali kuliko zote, na ina hatari zake. Kile kijichuma kinachoshika ubao wa mbele nacho kimeungwa humo humo chini, kikihama nusu milimita ubao hautofunga. Mitutu yenyewe ikiachwa huru inaweza kupinda mpango wake wa kulenga. Fundi wetu wa pili hakuvua kanda mbili kwa wakati mmoja mdomoni. Aliweka kabari ya chuma baina ya mitutu kabla ya kugusa chochote, akapima kwa kipimo cha vania sehemu tano, akaandika kwa chaki ukutani. Namba zile nadhani bado ziko pale.

Faida yake ni moja lakini kubwa: unaona. Ndani ya bunduki ya Ami, chini ya ukanda wa chini, kulikuwa na unga wa rangi ya mdalasini unaojaa kijiko, na chini ya unga mashimo madogo kama ya ndui. Fundi alipima ukuta wa mtutu kwenye mashimo yale. Mafundi wa Uingereza huanza kuogopa ukuta ukishuka chini ya milimita 0.5 kwenye sehemu nyembamba. Wetu ulikuwa bado uko juu ya hapo kwa unafuu wa kutosha. Ungekuwa umeshuka, kazi ingeishia hapo na bunduki ingeungana na ya babu ukutani. Hakuna gundi wala kipande ambacho kingetuonesha jambo hilo.

Kuna wanaoshauri, ukishavua, uunge kwa lihamu ya fedha ili isiachie maisha. Hapo watenganishe watu wa aina mbili. Akimaanisha lihamu ya bati 96 na fedha 4, inayoyeyuka kwenye nyuzi 221 hivi, hiyo bado ni laini, ina nguvu zaidi ya ile ya risasi, na mafundi wengi wanaitumia. Akimaanisha ile ngumu inayotaka nyuzi 600 na zaidi, mkatalie. Joto lile linaondoa ugumu ambao chuma cha mtutu kilipata kwa kufuliwa, linapindisha, na kwa damaski ndiyo maangamizi. Majina yanafanana, kazi hazifanani. Muulize nyuzi, usimuulize jina.

Rangi nayo ina mtego. Njia ya haraka ya kutia weusi ni kuchemsha mitutu kwenye kostiki kali na chumvi nyengine, kwenye nyuzi 140 hivi. Joto hilo haliyeyushi lihamu, lakini kostiki inaila bati na risasi, na inaingia kwenye kila tundu isitoke. Bunduki nyingi zimeachia kanda kwa ajili ya urembo huo. Njia ya bunduki hizi ni ya polepole: unapaka dawa, unaacha ioteshe kutu nyembamba, unaichemsha kwenye maji matupu, kutu nyekundu inageuka nyeusi, unaisugua kwa brashi laini, unarudia, siku baada ya siku. Katika nchi kavu mafundi hutengeneza kabati la mvuke ili kutu iote sawasawa. Fundi wetu aliitundika kwenye ukumbi wake usiku. Unyevu wa kisiwa, ulioanzisha ugonjwa, kwa mara moja ulifanya kazi ya maana.

Mimi ningechagua hivi

Ukanda wa juu umeachia ncha, hivi karibuni, pakavu, hapana kutu: kipande, kwa dawa ya utomvu, na fundi mwenye kujua kuzuia moto. Umeachia katikati, au wa chini, au mafuta yanarudi kila ukifuta: vua zote, au usifanye kitu. Kipande hapo ni kulipa mara mbili. Bunduki haipigwi: acha, na kama ncha inakukera macho, gundi kidogo.

Kabla ya kulipia kuvua, tafuta mihuri chini ya mitutu karibu na chemba. Bunduki za Uingereza hupita nyumba ya majaribio ya London au ya Birmingham, ambayo ilianza 1813, na zile zilizojaribiwa kwa baruti ya kisasa hupigwa maneno NITRO PROOF au herufi NP. Pima na urefu wa chemba: nyingi za zamani za namba 12 (namba ya upana wa mtutu) zina chemba ya milimita 65, na risasi za milimita 70 zinazouzwa sasa si zake. Ukanda mpya juu ya bunduki ambayo huna risasi ya kuitia ni pesa za urembo. Si haramu, ila ujue unanunua urembo.

Ile ya Ami ya kupigia nguruwe wanaochimba mihogo ilikuwa na NP na ukuta wa kutosha, ikavuliwa. Ya babu yake ya damaski iko ukutani na ukanda wake umelegea vile vile, anaifuta kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Na ule unga wa rangi ya mdalasini Ami aliuomba kwa fundi, akautia kwenye kichupa kilichokuwa na mafuta ya karafuu. Akija mtu kumuuliza habari za gundi, hamjibu, humtikisia kichupa.